Mwarobaini tuupende, ila homa ya mtoto ipimwe kwanza

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua. Mi ni mkulima wa korosho na mbaazi huku Masasi, na hili jambo la mwarobaini linaniuma sana maana kila nikifungua simu nakuta mtu anauza unga wake kwenye kikopo, anasema unatibu malaria, kisukari, presha mpaka nguvu za kiume, na wanunuzi ndo mama zetu na dada zetu.

Mti wenyewe siuchukii jamani. Uko uani kwetu mpaka leo, marehemu baba alikuwa anakata kijiti chake kila asubuhi anapigia mswaki, na mbaazi za mbegu tunazichanganya na majani yake makavu yaliyopondwa kabla ya kuziweka kwenye ndoo. Na hapo kwa wadudu sayansi iko upande wa wazee wetu kabisa. Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, Heinrich Schmutterer, alikuwa Sudan nzige wakavamia wakala kila kilicho kijani, ila miarobaini wakaiacha na majani yake. Kufika 1968 watafiti wakafanikiwa kuitoa kwenye mbegu kemikali inaitwa azadirachtini, mdudu akiipata anakosa hamu ya kula na anashindwa kujivua ngozi ili akue, na leo kuna viuatilifu vinatengenezwa nayo.

Sasa tukitoka kwa mdudu wa mbaazi tukaenda kwa mtoto mwenye homa, hapo ndo pananitia uchungu.

Mwanangu wa mwisho alikuwa na miaka 3, ilikuwa masika. Mama akasema tusihangaike na foleni, tukachemsha majani sufuria nzima mpaka maji yakawa kama chai ya rangi iliyokolea, ule uchungu unausikia mpaka chumbani, mi nikamshika mikono mama akambana pua tukamnywesha na kikombe cha plastiki, nusu akaitapika. Asubuhi na jioni, siku 3. Jioni mwili ukipoa kidogo tunafurahi, usiku unawaka tena. Siku ya 4 alfajiri akageuza macho akaanza kukakamaa, jirani mmoja akasema hilo degedege afukizwe kwanza, mi nikamfunga kwenye kanga ya mama yake nikapanda bodaboda. Zahanati nesi akamtoboa kidole, akadondosha damu kwenye kile kipimo cha haraka, tukakaa kama robo saa hivi, mistari 2, yaani malaria ipo. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama pamba. Tukapewa rufaa, hospitali akaongezewa damu na kuchomwa sindano za artesuneti, dawa ya malaria kali. Saizi yuko darasa la 3, namshukuru Mungu.

Daktari hakunigombeza, na hilo sitasahau. Alinieleza kwamba ni kweli kwenye mwarobaini kuna vitu kama gedunini na nimbolidi ambavyo maabara vinaua vimelea vya malaria, ila kuua kimelea kwenye kichupa ni jambo moja na kumponya mtu ni jambo lingine, maana ukishakunywa inapita tumboni, ini linaivunjavunja, na kinachofika kwenye damu kinaweza kisitoshe kabisa. Alafu sufuria yangu na ya jirani hazifanani, majani mangapi, maji kiasi gani, mti upi, nani alipima? Kwenye mwongozo wa taifa wa kutibu malaria mwarobaini haumo. Na mafuta ya mbegu ndo hatari zaidi, mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga waliopewa mafuta hayo kama dawa ya nyumbani wakaishia kutapika, kusinzia na kupata degedege, ini na ubongo vikaathirika. Wajawazito nao wakae mbali nayo, kwenye majaribio ya wanyama yameharibu mimba.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni kwamba ile sindano iliyomwokoa mwanangu asili yake ni jani pia! Jani la kichina, artemisia. Mama mmoja mtafiti, Tu Youyou, aliona kwenye maandiko ya zamani kwamba wazee walililoweka kwenye maji na kulikamua, hawakulichemsha, akahisi joto linaharibu dawa, akaikamua bila moto mkali, akajaribu kwa wanyama, akainywa yeye mwenyewe, alafu ndo wagonjwa. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel, na dawa mseto tunayopewa zahanati tangu 2006 imetoka hapo.

Kwa hiyo Mhariri, ombi langu ni hili, mkiandika habari za miti shamba au mkipokea tangazo lake muulizeni mwenye dawa imejaribiwa kwenye nini, kichupa, panya au watu, na mtoto wa kilo 12 anapewa kiasi gani, na ini lake nani aliliangalia. Muhimbili kuna Taasisi ya Dawa Asilia na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, nao wana watafiti wa tiba asili, wapigieni simu, majibu yao yatolewe kwa Kiswahili hiki tunachoongea ili mama yangu ayasome, yeye gazeti lako anasoma kila wiki.

Mzazi,
Masasi, Mtwara