Swaleh, ile tabo ya 20G siichukui

Assalam aleikum ndugu yangu. Najua nimenyamaza tangu Desemba, simu zako mbili niliziona na sikukupigia, unisamehe. Mama anaendeleaje na magoti? Sisi huku wazima, baridi tu, watoto wamerudi shule. Nimeona nikuandikie maana kwenye simu ungenikata kabla sijafika katikati, nakujua.

Tabo ya Forester yangu, ile inayosukumia injini hewa, imekufa. Ilianza na mluzi nikikanyaga mafuta, nikadhani ni mpira wa intakula, ile inayopoza hewa ya tabo, umelegea, kumbe la, wiki iliyopita natoka Limuru nikaona moshi wa buluu kwenye kioo. Fundi Kassim akaifungua, akashika shafti kwa vidole viwili ikacheza huku na huku mpaka mapanga yanagusa ukuta. Halafu tukakuta ile bolti ya njia ya oili, ile yenye kichujio kidogo ndani, imeziba kabisa, yaani beringi zimekosa oili sijui toka lini. Iliniuma sana kwa sababu wewe ndiye uliyeniambia niitoe niisafishe mwaka ule nanunua gari, na sikuitoa.

Sasa najua utasema nini. 20G, ile tabo kubwa kama ya gari lako. Na mimi mwenyewe nilikuapia, siku ile umenipa gari lako tumepita Mtwapa tunaelekea Kilifi, ilivyovuta pale nikakuambia basi, hii ndiyo yangu. Sikudanganya, mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu. Ila sikilize kilichotokea.

Baba Tatu huku Nairobi amefunga 20G ileile, injini ileile EJ205 kama yangu, injekta kubwa, pampu ya mafuta, ametyuni vizuri kabisa. Jumapili akanipa funguo. Thika Road, gia ya nne, injini mizunguko elfu mbili na mia tano kwa dakika, nikakanyaga. Nikangoja. Matatu ikanipita kushoto nikiwa bado nangoja. Mshale ukafika elfu nne na zaidi ndio ikaamka, na ikaamka kweli, sikatai, lakini hapo tayari nimekaribia gari la mbele na inabidi nishike breki. Nikarudia mara tatu nne nikidhani ni mimi. Tabo ni moja, kwako tamu, huku imelala!

Ni hewa, Swaleh. Kwako Mombasa hewa ina kilopaskali 101 hivi, sisi tuko mita karibu 1,800 juu ya bahari tunapata kama 82. Kwa hiyo kabla tabo haijaanza kazi injini yangu imeshameza hewa kidogo, inatoa moshi kidogo, na huo moshi ndio unaotakiwa kulizungusha lile panga la exosti, na panga la 20G ni zito. Halafu ukiweka bosti, yaani msukumo wa hewa ya tabo, ya paundi 14 na nusu wewe tabo yako inaizidisha hewa mara 2 hivi, yangu ili injini ipate hewa sawasawa na yako lazima iizidishe karibu mara 2.45. Ndio maana hata kufunga tena TD04 mpya kama iliyotoka nayo kiwandani sioni raha, ile inaamka mapema lakini ni ndogo, ukiidai bosti zaidi huku juu inazunguka kupita kiasi na inabaki kupasha hewa moto tu. Kubwa inachelewa, ndogo inaishiwa pumzi, na huku juu tunaonja yote mawili kuliko nyinyi.

Na mimi gari naliendesha wapi? Asubuhi foleni, jioni foleni, matuta. Kisha mara mbili kwa mwezi Nakuru na mke wangu Mwanaisha na watoto nyuma, na unaijua ile barabara, malori yamepangana, unapata nafasi fupi ya kupita upande mmoja umebana na mwingine anakuja. Pale niko elfu mbili na nusu, elfu tatu. Nikikanyaga nataka gari lijibu saa hiyohiyo, sio baada ya kuhesabu mpaka tatu na mke wangu ameshika dashibodi. Farasi wanaoamka kwenye mizunguko elfu sita sina pa kuwakimbizia. Hii ndiyo iliyonibadilisha, sio pesa, ingawa pesa pia.

Kwa hiyo nimetulia kwenye VF34. Ile ina beringi za gololi, inaanza kuzunguka wepesi, na bado ni kubwa ya kutosha kupita TD04 mbali. Kassim anaipenda 16G, tabo nyingine, anasema inavumilia na kuifufua ni rahisi, na kweli gololi zikifa matengenezo yake ni ghali, hapo ananitia wasiwasi kidogo. Kijana mmoja kule Grogan kwenye spea alitaka kuniuzia VF37, nikamwambia hiyo ni ya njia mbili, inataka manifoldi yake ya exosti, yale mabomba ya kutoa moshi kwenye injini, inayotenga silenda mbili mbili, ukiifunga kwenye manifoldi yangu umepoteza kila kitu kizuri ilichokuja nacho. Akasema inaingia tu. Nikaondoka. Wala usiniletee habari za tabo mbili, nakumbuka ile Legacy BH5 ya shemeji yako, ilivyokuwa inakata katikati pale tabo ya pili inapopokezana, unadhani mafuta yameisha.

Bosti sitaipandisha sana. Injini hii Wajapani waliitengeneza kwa petroli yao ya oktani karibu 100, ya kwetu haifiki hapo, na pistoni za EJ205 mafuta yakianza kulipuka vibaya na injini kugonga zinavunjika pale kwenye ringi. Bora nitoke na nguvu kidogo kuzidi zile farasi 220 za kiwandani na gari lidumu. Mpira wa oili mpya, bolti mpya, oili mpya, atyuni mtu mwenye kifaa cha kusikiliza mgongano sio kwa kukisia.

Sasa nisaidie. Yule mzee wa Changamwe anayefungua injini za Japan, nimesikia ana VF34 mbili. Unaweza kwenda kunishikia? Shafti icheze kidogo tu ya kushoto na kulia, ya mbele na nyuma isiwepo kabisa, na uchungulie mapanga kama yana meno yaliyolika. Angalia ndani ya mdomo wa exosti kama kuna oili mbichi. Anauzaje? Atakubali niirudishe ikivuta moshi ndani ya wiki? Na wewe kwako, ungekuwa unakaa huku ungechukua 16G au hii? 20G yako inaanza kujaa kwa mizunguko mingapi hasa, uliwahi kuandika au unakisia? Halafu lini unapanda uje uliendeshe hili mwenyewe, Mwanaisha ameshauliza mara mbili. Nijibu kabla ya Ijumaa tafadhali, gari liko juu ya jeki kwa Kassim na anahitaji nafasi yake.

Msalimie Mama na wote nyumbani.

Nduguyo,
Musa