Kabla Hujauza Kiwanja cha Babu Yako

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Shela, kisiwani Lamu. Mamako hajambo, ila goti lake ni lile lile. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa barazani, kwa hiyo kijiji kizima kinajua. Niwie radhi.

Waniambia pana mtu ataka kiwanja cha babu yako kule juu mchangani, na bei ni nzuri. Ni nzuri kweli, sibishi. Lakini pale pana kisima, nawe ulipelekwa Mombasa kwa mjomba wako ungali mdogo, hukupata kuteka.

Sisi asili yetu si hapa. Wazee wetu walitoka Takwa, kisiwa cha Manda, mji wa nyumba za mawe uliozungukwa na ukuta, na msikiti wake una nguzo juu ya kibla hadi leo. Ulihamwa karne ya 17. Wako wasemao ni ugomvi na watu wa kisiwa cha Pate, wako wasemao visima viliingia chumvi. Mimi ni wa chumvi, maana maji ya kule nimeyaonja. Wakavuka mkono wa bahari wakaja hapa, ambapo ukifukua mchanga wapata maji matamu.

Vilima vyetu hunywa mvua yote. Maji yakishashuka hukaa juu ya maji ya bahari, kama mafuta juu ya mchuzi. Ukiteka kwa ndoo hayana neno. Ukitia pampu ukavuta kwa pupa, chumvi hupanda, na ikishapanda kuishusha ni kazi. Mji wa Amu wenyewe, yaani Lamu, mwendo wa dakika arubaini kwa miguu, hunywa kutoka vilima hivi.

Hapa hapa Shela ndipo yalipoangamia majeshi ya Mombasa na Pate yaliyokuja kuipiga Amu mnamo 1812. Maji yalikupwa, vyombo vyao vikakwama, wakakosa pa kukimbilia. Babu yako alikuwa akisema kusi ikivuma sana mifupa huchomoza, nao watoto wakikatazwa kuigusa.

Mimi alinipeleka Takwa nina miaka tisa, kuomba mvua. Kule huendi utakavyo. Wangoja maji yajae ndipo mashua ipite katikati ya mikoko, na ukichelewa kurudi walala na mbu. Wanawake walibeba masufuria na mchele, wanaume wakakaa penye kaburi la nguzo, lile lililoandikwa mwaka 1094 wa Hijria, wakasoma Yasini na dua. Mimi nilikuwa nimeshughulishwa na wali. Wakati wa kurudi babu alinionyesha kisima cha pale, akanitekea kidogo kwa kiganja. Nikatema. Akacheka, hakusema kitu.

Kisima chake yeye hakikuwa na mlango. Aliyefiwa aliteka kwanza, kisha mwenye harusi, kisha sisi wenye kisima. Mamako alilichukia sana jambo hilo alipoolewa, hasa mwezi wa Ramadhani, na namuona alikuwa na haki. Lakini bibi yako alipofariki, kabla sijamaliza kuvaa kanzu, mapipa ya maji ya kuoshea yalishajazwa uani, na sikujua nani kayajaza. Mpaka leo sijui.

Sasa jirani mpya ana bwawa la kuogelea. Tangu lijazwe, wakati wa kaskazi maji yetu yana ladha ya chumvi kidogo. Sisemi ni yeye. Pengine ni uchache wa mvua. Ila mnunuzi wako naye nimesikia ataka bwawa.

Tena kiwanja si changu peke yangu. Shangazi zako wawili wana fungu lao la mirathi, na mkubwa ameshaapa. Wamjua akiapa.

Karo ya mjukuu wangu, inayokufanya utake kuuza, nimeizungumza nao. Tumekusanya ya muhula mmoja, nitakutumia kwa simu Jumatatu. Huyo mtu mwambie angoje.

Bamvua ya mwezi ujao, maji yakijaa sana, tunavuka Takwa. Njoo na mtoto, na asivae vile viatu vyake vyeupe, kule ni matope matupu.

Wako,
Baba