Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: Mnasihi asishike fimbo

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Nchi,
Ofisi ya Waziri Mkuu, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI),
Dodoma.

Mheshimiwa, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika sekondari moja ya kata mkoani Tanga. Nafundisha vipindi 26 kwa wiki, ni mwalimu wa darasa, na kwa miaka minne nilikuwa mwalimu wa nidhamu na mwalimu wa unasihi, yaani wa kuwasikiliza na kuwashauri wanafunzi, kwa wakati mmoja. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikuandikie.

Tulikuwa na msichana wa kidato cha pili ambaye ofisini alijulikana kama mtoro sugu. Akirudi anaulizwa alikuwa wapi, anatazama chini. Mkuu wa shule alikuwa amenipa kibali cha maandishi kama kanuni zinavyotaka, na kwa kuwa msichana anatakiwa achapwe na mwalimu wa kike, kazi hiyo iliniangukia mimi. Viboko viwili, kitabu cha adhabu, saini, rudi darasani. Sikumchapa kwa hasira. Nilimchapa nikiamini namsaidia.

Mwisho wa muhula, nikiwa najumlisha mahudhurio ya darasa langu, kidole kikishuka kwenye daftari, nikaona alama zake za kukosa zimejipanga juu chini kama vifungo vya shati. Zote ziko Ijumaa. Kwetu Ijumaa ni siku ya gulio. Muhula mzima nilikuwa namchapa Jumatatu kwa kosa la Ijumaa, na siku yenyewe sikuwahi kuitazama.

Shule ilipofunguliwa nilimwita. Ofisi ya unasihi hatuna, kwa hiyo tulikaa stoo, katikati ya majembe na madawati yaliyovunjika miguu. Nikamwambia, "Mwanangu, nieleze." Akautazama mkono wangu wa kulia. Kipindi karibu kiishe ndipo akafungua mdomo, na hajamaliza sentensi ya kwanza mlango ukasukumwa: wanafunzi wa zamu wamefuata fagio. Akanyamaza. Siku ile ikaishia hapo.

Ilinichukua wiki mbili zaidi kujua kwamba mama yake yuko Dar es Salaam kwenye kazi za ndani, kwamba analelewa na bibi, na kwamba miguu ya bibi haimfikishi tena gulioni. Nyanya na bamia za bustani zisipouzwa Ijumaa, wiki inayofuata hakuna unga. Nilikwenda nyumbani kwao jioni tatu. Mwishowe jirani mmoja anayeuza gulioni alikubali kuwabebea matenga yao, apewe chake kidogo. Binti sasa anakosa Ijumaa mojamoja, hasa mavuno yakiwa mengi. Lakini anaingia darasani, ananyoosha mkono, na ule ubishi wake kwa walimu, ambao nao ulijaa kwenye kitabu cha adhabu, umekwisha wenyewe.

Wako wanaosema unasihi ni kudekeza watoto. Mheshimiwa, kumchapa kulikuwa kunanichukua dakika mbili. Kumfikia kulinichukua wiki kadhaa, na kulimtaka yeye mwenyewe aamue, aseme, aahidi na atimize. Sijaona mtoto aliyedekezwa kwa njia hiyo.

Fimbo katika nchi hii ina utaratibu wake. Kanuni za mwaka 1979, zilizorekebishwa 2002, zinasema viboko visizidi vinne, zinasema nani achape, na zinataka kila adhabu iandikwe. Wadhibiti ubora wa shule, yaani wakaguzi, wakija hukiomba kitabu hicho, nasi tunacho. Daftari la unasihi sijawahi kuombwa, na hata wangeliomba wasingekuta la maana, kwa kuwa ratiba yangu haikuwa na hata dakika kumi za kazi hiyo. Miongozo ipo, najua. Mpango wa Shule Salama nao umetoa mafunzo ya unasihi kwa walimu, jambo jema kabisa. Ila mwalimu akitoka mafunzoni anakuta vipindi vyake vilevile na ufito uleule mezani.

Na shida haziishii kwenye utoro. Tangu Novemba 2021 wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito wana ruhusa ya kurudi. Anarudi mama mwenye mtoto mchanga, anakaa na wenzake wanaomcheka, siku akijibu kwa tusi anaandikwa mkorofi. Aseme na nani? Namba 116 ya kumsaidia mtoto tumeibandika ukutani, lakini shuleni mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu.

Ninachokuomba ni waraka unaosema wazi kwamba mwalimu wa unasihi asiwe mwalimu wa nidhamu, wala asipewe kibali cha kuchapa. Hilo halihitaji hata shilingi moja. Mtoto hawezi kuufungulia moyo mkono unaomchapa, na mimi nimeliona hilo machoni pa binti yule. Waraka huohuo umpunguzie vipindi, theluthi moja angalau. Najua walimu hawatoshi, na wa sayansi na hisabati ndio kabisa. Basi ajira zitakapotoka, waliosomea saikolojia na unasihi wapangiwe kazi waliyoisomea badala ya kuongezewa kwenye orodha ya walimu wa masomo. Na wahandisi wa halmashauri wanapoleta ramani za shule mpya, pamoja na maabara na jengo la utawala wachore chumba kimoja kidogo chenye mlango unaofungwa.

Kwa upande wangu, mwaka huu nilimrudishia mkuu wa shule barua yake ya kibali. Alinisikiliza, akaipokea, na kazi ya nidhamu akampa mwalimu mwingine. Chumba bado hatujapata. Tunakaa stoo ileile, ila fagio tumezihamishia nje, na dirisha nimelitundikia khanga.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa sekondari ya kata, Tanga