Barua kwa mwanangu: mpigie mwalimu simu umuombe radhi

Mwanangu, baba yangu,

Mbukwa. Habari za huko Geita, kazi inaendaje, kifua kimepona? Huku tuko salama, upepo tu huu wa mwezi wa saba, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria yenye mfuniko. Nimeona misskol zako tano za juzi usiku. Sikupokea, na sio kwamba simu ilikuwa mbali, niliiangalia ikilia mpaka ikanyamaza, maana nakujua, ukiwa na hasira unaongea mtu hamalizi hata neno. Kwahiyo nakuandikia, usome taratibu, na usinijibu mpaka umefika mwisho.

Ni kweli nimenunua pikipiki ya mwalimu jirani yetu. Ni kweli ilikuwa haiwaki. Na ni kweli hela ni ile ya bati uliyonitumia, laki nane. Mdogo wako hajakudanganya, ila amekusimulia robo, na we kwa hiyo robo ukampigia mzee wa watu saa nne usiku ukamwambia amemuuzia mama yako skrepa. Mzee aliyekufundisha kusoma saa! Asubuhi nimekutana naye hapo bombani, akanisalimia kama kawaida, ila hakunitazama usoni. Nikajua kuna kitu. Ikabidi nimbane mdogo wako ndo akasema namba ya mwalimu alikupa yeye.

Sasa ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Ile Boxer unaikumbuka, mwalimu alimnunulia kijana wake mikononi mwa mtu ili afanye bodaboda. Kijana akaanguka nayo mwezi wa tano mwaka jana, mguu ukavunjika, akapona akaenda zake Singida kwa mjomba wake na akaapa hapandi tena. Tangu hapo ipo chini ya mwarobaini, miezi kumi na minne, jua lake, mvua yake, kuku wake. Nikikaa kibarazani kuchambua mboga naiona hivi. Kuna mtetea mmoja ndo alikuwa amejimilikisha siti, analalia pale na kufanya mengine yote pale pale, tangi lote lilikuwa limepigwa chokaa.

Na we unajua mi zabibu zangu ziko Mpunguzi, mwezi wa nane huo unakuja, na msimu uliopita mwenye bodaboda alikuwa ananibeba na makreti mawili tu kwa wakati, nalipia kwenda na kurudi, mengine yanakaa juani yananisubiri na zabibu haisubiri mtu. Nilipiga hesabu ya nilichowalipa msimu mzima nikanyamaza, sikumwambia mtu. Pikipiki mpya dukani inakimbilia milioni tatu, hiyo tusiiongelee. Basi siku moja mwalimu akasema mwenyewe, mama, kuna mtu wa vyuma chakavu anataka kuichukua kwa kilo, fundi alishaniambia injini imekufa, ilitakiwa laki nne ya kutengeneza na mi sina, wewe ukiitaka nipe laki nne kama ilivyo.

Hakunificha mwanangu. Neno la kwanza kutoka mdomoni mwake lilikuwa injini imekufa.

Nikamwambia nipe siku mbili. Unajua marehemu baba yako alikuwa na ile Honda CG 125 tulipokuwa Kibaigwa, anabebea mahindi, na ikisumbua usiku mi ndo nilikuwa mshika tochi. Miaka ya kushika tochi inafundisha. Alikuwa anasema injini haiitaji mambo mengi, inataka cheche, inataka mafuta, inataka pumzi, ukikuta pumzi ipo hivyo vingine vinanunulika. Kwahiyo nikamtafuta fundi wa pale Sabasaba, sio yule aliyesema imekufa, mwingine kabisa, nikampa elfu kumi aje aangalie tu, asishike hata spana ya kutengeneza.

Akaja Jumatano asubuhi. Tukamtoa kuku. Kwenye ekzosi manyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo, imeziba kabisa, ukichungulia huoni hata giza. Fundi akafungua plagi, nyeusi kama mkaa wa jikoni. Akaniambia mama weka dole gumba hapo kwenye tundu uzibe. Nikaweka. Akapiga kiki. Mwanangu, ule upepo ulinisukuma dole likatoka lenyewe, pwaa! Tukarudia mara tatu, mara tatu linatoka. Fundi akaniangalia, na mi nikamwangalia. Alafu akaichomeka plagi kwenye waya wake, akaigusisha kwenye chuma cha injini, na kwasababu jua lilikuwa kali hatuoni kitu nikavua kanga ya juu nikatufunika wote wawili kama tunapiga nyungu, akapiga kiki tena, tukaiona cheche, ya njano, nyembamba, inakohoa, lakini ipo. Mafuta akayanusa tu, yananuka kama rangi ya kupaka milango. Alipofungulia kabureta kidogo kilichotoka kilikuwa kahawia kinanata. Akaninong'oneza, mama, hii injini nzima kabisa, petroli imekaa mpaka imegandia kwenye jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha mafuta, na plagi imechoka. Basi. Huyo aliyesema imekufa alitaka laki nne yake.

Alafu akaniambia, nyamaza, lipa, ondoka nayo.

Na hapa ndo sehemu ambayo mdogo wako haijui ndo maana hakukuambia. Mi nilinyamaza kweli. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anasubiri kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali, akauliza, vipi fundi, nikajibu mimi kabla ya fundi, nikasema ina kazi, ina kazi mwalimu. Nikarudi ndani. Nikapika, nikala, nikalala. Sikulala. Nilikuwa napiga hesabu, hii kitu ikiwaka ni mali ya milioni na zaidi, mi naichukua kwa laki nne kwa mtu ambaye baba yako alipofariki alikaa msibani kwetu siku zote anaandika daftari la michango, hakukosea hata mia.

Saa tisa usiku maji yakatoka, unajua mgao wetu, ukisikia bomba linakohoa unaamka. Nikamkuta na madumu yake na koti lake lile. Nikamwambia hapo hapo, mwalimu, injini yako ni nzima, ni uchafu wa kabureta tu na plagi. Akanyamaza mpaka dumu likajaa likamwagika. Alafu akacheka, akasema kumbe nilikuwa namuuzia mtu wa kilo kitu kizima! Nikamwambia kama unataka kuitengeneza mwenyewe, mi sina neno. Akafikiria. Akasema hapana, mi macho haya sipandi pikipiki, na kijana hataki hata kuisikia, basi ongeza hamsini tumalize.

Laki nne na nusu. Hiyo ndo bei. Sasa niambie hapo nani kampiga nani.

Upande wa makaratasi usinifundishe, nilishapigwa huko nyuma kwa kile kiwanja. Kadi ilikuwepo ila ina jina la mtu wa Morogoro aliyemuuzia mwalimu, mwalimu hakuwahi kubadilisha umiliki, alikuwa na mkataba wao tu kwenye bahasha. Hapo niligoma. Nilifuta vumbi kwenye shingo ya pikipiki kwa pindo la kanga, nikamwambia mdogo wako asome namba ya chesisi moja moja na mi nafuata kwenye kadi kwa kidole, ya injini vile vile, zikalingana zote. Tukaangalia na madeni ya trafiki kwa ile namba ya MC ya kwenye pleti, zikatoka faini mbili za kijana. Bahati yao ni elfu kumi kumi, maana zamani ilikuwa thelathini thelathini kabla bajeti ya 2021 haijawashushia watu wa pikipiki. Mwalimu akalipa mwenyewe siku hiyo hiyo, hata sikumuomba.

Tukaandikishana ofisi ya mtaa, mashahidi wawili wawili. Nimempa laki tatu, laki na nusu imebaki kwangu mpaka jina likae langu. Yule wa Morogoro amepatikana kwenye simu, amekubali kuja na kitambulisho na TIN yake twende wote TRA, atapanda treni ya mwendokasi na nauli anatoa mwalimu. Kwahiyo huyo tapeli wako anamlipia mtu nauli ili mi nisiwe na wasiwasi. Tapeli wa wapi huyo?

Kasoro ipo, sikatai. Siku ya kubadilisha oili fundi alikuta ile nati ya chini imepakwa gundi ya chuma, sredi zimekufa, mtu alikaza kwa hasira mpaka zikaisha akaziba kwa gundi akanyamaza. Nilimpelekea mwalimu ile nati mkononi. Aliishangaa kama mimi, ni mambo ya kijana au ya gereji waliyokuwa wanapeleka. Akataka kunirudishia elfu ishirini nikakataa, imetobolewa upya kwa elfu kumi na tano imeisha, ingawa bado inatoa jasho kidogo, asubuhi nakuta tone moja chini, kubwa kama punje ya hindi. Tutaona.

Hesabu yako hii hapa usije ukasema nakula hela. Laki tatu za mwalimu, elfu kumi fundi wa kuangalia, plagi elfu nne, kabureta na ufundi elfu ishirini, oili elfu kumi na mbili, sredi kumi na tano, betri arobaini. Laki nne na elfu moja. Iliyobaki ni laki tatu na elfu tisini na tisa, ukitoa deni la mwalimu mi nina kama laki mbili na nusu kasoro elfu. Bati geji 30 zitapatikana zabibu zikitoka, chumba kimekaa bila bati miaka miwili, miezi miwili mingine haitakiua. Nilitakiwa kukuuliza kwanza, hilo nakubali, hela ni jasho lako. Ila ningekuuliza ungesema hapana, na mi nilijua ungesema hapana, ndo maana sikuuliza. Nisamehe hapo tu.

Jumamosi iliwaka. Kiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tano ikakohoa, ekzosi ikatapika mabonge ya udongo wa manyigu yaliyokuwa yamebaki yakampata mdogo wako kifuani, moshi mweupe ukajaa uani, alafu ikakaa kwenye sauti yake, du du du du, watoto wa mtaa mzima wakaja. Mwalimu alisimama kwenye geti lake. Hakusogea. Nilimuona anatikisa kichwa kwa ile sauti kama mtu anasikiliza wimbo anaoujua.

Na hapana, sio ya bodaboda, najua ndo swali lako linalofuata. Ni ya shamba. Mdogo wako haigusi barabara mpaka leseni iwe mkononi, bima ikatwe, helmeti mbili, na tairi la nyuma libadilishwe maana limekuwa kipara. Saivi anaiwasha tu kila jioni kuisikiliza, nimemwambia petroli sio maji.

Sasa baba, mpigie mwalimu. Usimtumie meseji, na usimwambie mdogo wako akupelekee salamu, piga wewe, mchana, sio saa nne usiku. Mwambie shikamoo mwalimu, nilikosea. Huna haja ya kueleza sana, yule ni mtu wa maneno machache, atakuuliza mvua za huko zikoje mtaishia hapo. Ila piga kabla ya Ijumaa, kwasababu Ijumaa tunakwenda wote TRA na huyo mtu wa Morogoro, mi na yeye tutakaa benchi moja kuanzia asubuhi, na sitaki kukaa nimeangalia ukuta.

Mama yako