Deo, breki ya mbele iko kushoto

Mpendwa Deo,

Salamu nyingi kaka, na za siku nyingi. Najua nimekaa kimya tangu Pasaka, na najua Anitha amekwisha kukueleza sababu, kwa hiyo hilo tulipite. Mimi ni mzima. Baridi imeanza, na bili ya umeme inapanda nayo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya kicheko cha Mama Joy kule nyuma. Hongera kwa viza. Kumbe mnakuja Taizé, kile kijiji cha sala huku Ufaransa, wiki ya mwisho ya Oktoba, vijana wote wa parokia, na wewe katikati ya sala na kuosha vyombo unataka kukodi baiskeli. Naunga mkono. Ninachopinga ni huo mpango wa kwenda mji wa Mâcon na kurudi siku hiyohiyo, na nitaufikia. Kwanza tuzungumze breki, maana ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Baiskeli za Ufaransa, mkono wa kushoto unashika breki ya mbele na wa kulia ya nyuma. Kinyume kabisa na ile Phoenix ya mzee wako. Halafu Phoenix ni breki za fito: unaminya mpaka mishipa ya shingo inatoka, na yenyewe bado inatafakari. Hizi za kukodi nyingi zina diski, na vidole viwili vinatosha kuisimamisha. Sasa fikiria unateremka, mkono wako wa kushoto unaamini umeshika ya nyuma, ukaminya kwa nguvu za Phoenix. Gurudumu la mbele linaganda, na wewe unaendelea na safari bila baiskeli.

Ukikabidhiwa, kabla hujalipa, inua mbele, zungusha gurudumu kwa mkono, kisha minya kushoto. Likisimama, ndiyo hiyo. Funga kitambaa chekundu kwenye kishikio hicho ili jicho likumbushe mkono. Zunguka hapohapo uwanjani mara kumi ukisimama kwa breki zote mbili pamoja, polepole, makalio yakirudi nyuma ya kiti. Usije ukaiogopa ya mbele ukaiacha kabisa. Ndiyo inayosimamisha kwa kweli, maana ukifunga breki uzito wote unakwenda mbele. Inataka kuminywa taratibu tu.

Njia yenyewe ya baiskeli, ile inayopita chini ya Taizé kwenda Cluny na Mâcon, haitakusumbua. Ilikuwa reli, na treni haipandi mlima mkali, kwa hiyo hata wewe na hilo tumbo utapita. Reli iling'olewa, tuta likawekwa lami, na kipande cha Givry hadi Cluny, kilomita 44, kikafunguliwa mwaka 1997, cha kwanza cha namna hiyo Ufaransa. Vibao vitaandikwa Voie Verte, yaani njia ya kijani. Magari na pikipiki ni marufuku. Utakutana na waenda kwa miguu, watoto, mbwa, pengine farasi. Kwa farasi usipige kengele nyuma yake. Punguza mwendo, ongea kwa sauti ya kawaida ili akusikie, pita mbali. Shika kulia siku zote.

Hatari iko pale njia inapokata barabara. Kuna vizuizi vya mbao vya kukupunguza mwendo, na anayesubiri ni wewe, siyo gari. Kwetu tunatazama kulia kwanza. Hapa gari la kwanza kukufikia linatoka kushoto. Tazama kushoto, kulia, kushoto tena. Sawa, nimemaliza. Hapana, sijamaliza: kituo chenu kiko juu ya kilima na njia inapita chini bondeni. Ule mteremko kutoka kijijini ni mfupi lakini mkali, ni barabara ya magari, na mwisho wa Oktoba una majani yaliyoloa. Majani yaliyoloa ni kama maganda ya ndizi mbivu. Breki ya mbele juu yake, Deo, ni kwenda kujitafutia plasta. Shuka ukiikokota mara ya kwanza. Hakuna anayekuhesabia.

Sasa Mâcon. Toka Taizé mpaka Cluny ni kama kilomita 10, na Cluny mpaka Charnay, ambako njia inaishia kando ya Mâcon, ni ishirini na kitu. Kwenda na kurudi ni zaidi ya 60. Kwa miguu yako siyo mbali hivyo. Tatizo ni handaki la reli la Bois Clair, kusini mwa Cluny: lina urefu wa kilomita 1.6, na majira ya baridi hufungwa kwa sababu popo wanalala humo. Wiki yenu iko ukingoni kabisa mwa kufungwa. Ukikuta geti limefungwa, unapanda mlima kwa barabara ya juu, na hapo ile raha ya treni inakwisha. Likiwa wazi, vaa koti kabla ya kuingia, maana ndani ni baridi hata wakati wa joto, na washa taa yako ingawa mna taa. Ofisi ya utalii ya Cluny watakwambia hali ya siku hiyo. Uliza hapo kabla hujakanyaga pedali.

La pili ni giza. Jumapili mnayofika, saa zinarudishwa nyuma kwa saa moja, na jua litakuwa linazama kama saa kumi na moja na nusu jioni. Bondeni giza linawahi zaidi, na asubuhi ukungu wa mto unachelewa kuondoka. Ukitoka baada ya sala ya saa mbili na robo na kifungua kinywa, unabaki na siku fupi sana. Ukichelewa, sheria inataka taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na kizibao cha kung'aa nje ya mji. Kengele nayo ni lazima. Vipokea sauti masikioni ni faini ya euro 135, na simu mkononi ni hiyohiyo, kwa hiyo kwaya yenu utaisikiliza jioni.

Ninachokushauri ni hiki. Kuna basi la mkoa kati ya Chalon na Mâcon linalopita Taizé na Cluny. Panda asubuhi hadi Cluny, kodi baiskeli kule kwenye stesheni ya zamani, kisha elekea kaskazini, uiache Mâcon. Unapita Massilly, unapita chini ya kilima chenu (wapungie mkono wenzako wanaomenya viazi), unafika Cormatin penye ngome ya karne ya 17, na ukiwa na nguvu unasogea hadi Saint-Gengoux-le-National. Kwenda na kurudi ni kama 45. Mto Grosne unatiririka kaskazini, lakini mteremko wake hutausikia. Utakaousikia ni upepo wa baridi wa kaskazini, wanauita bise. Ukivuma, ni heri ukukute usoni asubuhi miguu ikiwa mipya, jioni ukusukume kurudi. Muulize mwenye baiskeli anafunga saa ngapi, na kama anafunga mchana kwa chakula. Wengi wanafunga.

Jambo la chakula usilichukulie mzaha. Vijijini maduka hufungwa saa sita mpaka saa nane mchana, Jumapili alasiri hakuna kitu, Jumatatu mengi hayafunguki, na wiki hiyo ina Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba, sikukuu ya taifa. Ukiona duka la mkate liko wazi, nunua hapohapo, usiseme nitanunua mbele. Jumamosi asubuhi Cluny kuna soko. Tafuta jibini ndogo za mbuzi, zina umbo la kinu kilichopinduliwa. Maji: makaburini kuna bomba karibu kila kijiji, waendesha baiskeli wote wanajazia humo. Soma kibao kwanza. "Eau potable" kunywa, "eau non potable" nawa mikono tu. Ukishindwa kukumbuka, hilo neno "non" linatosha kukukataza.

Pancha. Msimu huo wakulima wanapunguza ua za miiba kando ya njia, na vipande vinabaki kwenye lami. Kila ukisimama, pitisha macho kwenye tairi. Mwiba ukiuona haujazama, ng'oa. Omba wakupe tyubu ya akiba, pampu na vijiti vya kubandulia tairi. Valvu huenda ikawa ile nyembamba usiyoizoea: fungua kofia, legeza kile kinati kidogo cha nchani, kibonyeze mara moja mpaka kitoe "psss", ndipo upachike pampu. Usipolegeza, utapampu mpaka Krismasi na upepo hauingii. Ukimaliza, kaza tena. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha kidole polepole ndani ya tairi lote, maana mwiba uliotoboa ya kwanza bado umo unaisubiri ya pili. Tairi za milimita 40, upepo wa baa 3.5 hadi 4. Mizizi ya miti imeinua lami sehemu sehemu. Ukijaza kama jiwe, mifupa italalamika.

Kiti: kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa, goti linyooke. Watakupa kilicho chini mno, usione haya kuomba kipandishwe.

Halafu Cluny kwenyewe, usirudishe baiskeli ukaondoka. Abasia, yaani monasteri kubwa ya pale, ilianzishwa mwaka 910, na kanisa lake la tatu ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote ya Wakristo mpaka walipojenga la Mtakatifu Petro kule Roma. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa waliliuza kwa mawe, kipande kwa kipande. Mnara mmoja mrefu ulivyobaki peke yake! Simama chini yake uangalie juu, ndipo utajua kilichobomolewa.

Sasa nijibu haya. Urefu wako ni sentimita ngapi, nikuulizie fremu? Unakuja na viatu gani, au ndiyo zile sandali? Sista Redempta anajua kwamba utatoroka siku nzima, na siku gani? Kibwana naye anakuja au bado anadai ile pampu? Ukija niletee majani ya chai, ya Mufindi kama yapo, na iliki. Nyama kavu ya shangazi usithubutu, forodha ya Ulaya hairuhusu nyama wala maziwa, na sitaki usimulie begi lako lilivyopekuliwa mbele ya kundi zima. Viza imeandikwa siku ngapi? Zikibaki mbili baada ya Jumapili, tunaweza kuonana Lyon?

Na ile breki, niandikie ni mkono upi. Nataka kuona umeshika.

Wako,
Fredi