Kwa wanangu mnaoingia studio: Kiingereza cha kazi si kile cha mtihani

Wanangu mnaojifunza utangazaji, sauti, kamera na uhariri,

Hamjambo? Mimi mama yenu sijambo, nimestaafu na napumzika.

Mwezi uliopita binti mmoja wa umri wenu alikuja kwangu machozi yakimlengalenga. Alikuwa amepata nafasi ya kusaidia timu ya wageni waliokuja kurekodi kipindi cha wanyama, na siku ya tatu akaambiwa asirudi. "Mama, mimi Kiingereza nilipata B kidato cha nne," akaniambia, "lakini wale watu nilikuwa siwaelewi." Nikamwuliza walimwambia nini. Akanitajia: "strike", "lose the chair", "kill that light". Maneno hayo yote alikuwa anayajua. "Strike" ni mgomo, "lose" ni kupoteza, "kill" ni kuua. Shida ilikuwa hapo hapo. Wao walikuwa wanamwambia afungue vifaa na kuvifungasha, aondoe kiti kisionekane kwenye picha, azime taa. Yeye amesimama anatafuta nani kagoma.

Sikuweza kumlaumu, kwa kuwa yalinipata mimi kabla yake. Mwaka 1979 nilikuwa na miaka 23, fundi mitambo mwanafunzi redioni. Tulikuwa na mkufunzi mgeni. Jioni moja, dakika chache kabla ya taarifa ya habari, akaniambia: "Stand by, tape two." Nilivyofundishwa mimi, "stand" ni simama na "by" ni kando. Nikaiacha mashine, nikasimama kando, mikono nyuma, kwa adabu zote nilizofunzwa nyumbani. Msomaji akamaliza utangulizi, ishara ikatolewa, na mkono wangu haukuwa kwenye kitufe. Zikapita kama sekunde nane za kimya. Huko vijijini msikilizaji anaposikia kimya cha namna ile anadhani betri zimekwisha, anazitoa akazianike juani. Nililia usiku ule. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilitii kile hasa nilichodhani nimeambiwa.

"Stand by" maana yake: mkanda umeshawekwa pale pale sauti inapoanzia, kidole kiko juu ya kitufe, macho yako kwa anayeongoza. Ni kinyume kabisa cha kusimama kando.

Ninyi mmesoma msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari kwa Kiingereza. Miaka minne mmejibu mitihani ya usanisinuru na Vita Kuu ya Kwanza kwa lugha hiyo, lakini hakuna aliyewafundisha kusema betri ya kipaza sauti cha mgeni inakaribia kuisha. Basi msijione wajinga. Kiingereza cha studio kinajifunzwa upya, hata na Mwingereza mwenyewe anapoanza kazi. Tofauti ni kwamba yeye anajua hajui, na ninyi mnadhani mnajua kwa sababu neno mmeshaliona kitabuni.

Chukueni neno "cut". Nilipoanza, kukata kulikuwa kukata kweli: wembe, mkanda juu ya kibao, kipande kinaanguka sakafuni, ncha mbili zinaunganishwa kwa utepe. Leo neno lile lile, mwongozaji akilisema eneo la kurekodia, kamera zinasimama. Akilisema katika chumba cha kuongozea matangazo, "cut to two", hakuna kinachosimama. Mchanganya picha anahamia kamera ya pili. Na mhariri akikuuliza "cut" ya mwisho iko wapi, anataka faili la kazi iliyokamilika. Ukilikariri kwa maana moja, utasimamisha kamera siku isiyotakiwa kusimama.

Au "speed". Mwongozaji anataka kuanza kurekodi, mtu wa sauti anajibu "speed". Vijana wengi wanadhani anaharakishwa. Historia yake mimi naijua kwa mikono yangu. Mashine ya mkanda ilikuwa ikiwashwa haishiki mwendo papo hapo. Ilitakiwa kwenda inchi 7.5 au 15 kwa sekunde, na hadi ifike hapo sauti ilikuwa inavutika. Kwa hiyo fundi alingoja mwendo utulie, ndipo akatoa taarifa kwamba mwendo umefika. Mkanda umekwisha zamani, vinasa sauti vya leo vinaanza papo kwa papo, neno limebaki. Mkijua lilikotoka, hamtalisahau.

Maikrofoni ikiwa "hot" haijapata joto, iko wazi, na kila utakachosema kinasikika. Hilo mlijue kabla ya mengine yote. Nimeona watu wazima wakiharibikiwa kazi kwa neno hilo moja.

Kuna jambo jingine ambalo si la msamiati, ni la malezi. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa akikuagiza unainamisha kichwa na kwenda kutenda, bila maneno mengi. Ni malezi mazuri, na sitaki myaache. Lakini aliyevaa visikizi katika chumba kingine haoni kichwa chako kikiinama. Anasikia kimya, na kwake kimya maana yake hujasikia. Atarudia kwa sauti kali, utadhani anakutukana, utanyamaza zaidi. Jibuni kwa sauti na mrudie agizo: "Standing by, tape two." Kama hamkuelewa, semeni "Say again?" mara moja, bila aibu. Anayesema "yes" huku hajaelewa ndiye anayeniogopesha. Na msichukie amri isiyo na tafadhali. Sekunde zinapokimbia hakuna anayesema naomba, na programu ikiisha mtu huyo huyo atakununulia chai.

Tarakimu pia zisemeni moja moja. "Fifteen" na "fifty" kwenye visikizi vyenye mkwaruzo ni neno moja. Semeni "one-five", semeni "five-zero".

Nikifika kwenye saa, hapo nawaomba mnisikilize sana. Saa zetu zinahesabiwa tangu jua linapochomoza, zao tangu usiku wa manane, na tofauti ni saa sita kila wakati. Tulikuwa na timu ya wageni waliotaka kupiga picha ya wavuvi wa Bagamoyo wakirudi alfajiri, jua likitoka baharini. Wakasema gari lije "four-thirty". Dereva wetu, mtu makini kuliko sote, akaandika saa nne na nusu. Ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri. Alipofika, samaki walikuwa wameshapigwa mnada. Tangu siku ile kila muda nauandika kwa mtindo wa 04:30, kisha nausema kwa mdomo kwa lugha zote mbili, mbele ya dereva. Matangazo ya satelaiti nayo hupangwa kwa saa za Greenwich. Sisi tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo 16:00 yao ni saa moja kamili usiku kwetu. Muda wa satelaiti unalipiwa, na ukipita umepita.

Wale wa chumba cha habari, msidhani haya ni ya mafundi peke yao. Ninyi mzigo wenu ni mzito zaidi, kwa maana kosa la fundi linasikika na kwisha, ila kosa lenu linaaminiwa. Utangazaji wa Kiswahili tangu Sauti ya Dar es Salaam ya 1951, na tangu Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza Juni 1957, kwa sehemu kubwa umekuwa kazi ya kutafsiri. Habari za mashirika ya kimataifa zinaingia kwa Kiingereza, na kijana wa zamu ana dakika kumi. Anaona "casualties" anaandika vifo. Neno hilo lina waliokufa na waliojeruhiwa pamoja. Mmeshaua watu ambao wako hospitali wanatibiwa, na ndugu zao wanasikiliza. "At least" ni wasiopungua, "up to" ni wasiozidi. Ukizigeuza umegeuza habari. Aliyekuwa "charged" ameshtakiwa tu, hajatiwa hatiani, na jina la mtu ni mali yake. Na kuna "tabled": Mwingereza akiutaja muswada hivyo, anasema umewasilishwa ujadiliwe, kama tunavyosema sisi kuwasilisha mezani, lakini Mmarekani akitumia neno lile lile, muswada umewekwa kando. Angalieni kwanza habari imetoka Bunge la London au imetoka Washington.

Kuhusu lafudhi nitasema kwa ufupi, maana naona mnapoteza nguvu nyingi hapo. Hakuna aliyeachishwa kazi kwa kutamka kama Msukuma au Mpemba. Someni kitabu cha maelekezo cha mashine mnayoitumia, ukurasa mmoja kwa siku, mkono ukiwa juu ya mashine yenyewe. Hiyo itawafaa kuliko mwaka mzima wa kuigiza watangazaji wa Marekani. Na mkitoka kwenye Kiingereza hicho, rudini kwenye Kiswahili safi hewani. Mnaosema "tuta-cover hiyo story" mbele ya msikilizaji wa Nachingwea mnamnyima haki yake; neno kuripoti analo, neno mubashara siku hizi analo.

Walimu wa vyuo, nanyi nawaomba: liondoeni somo hili darasani, mlipeleke studio. "Fader", kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti, haifundishwi ubaoni wakati chumba cha pili kuna meza ya sauti imefunikwa kitambaa isipate vumbi.

Televisheni ilipofika Bara mwaka 1994, wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, mimi nilikuwa na miaka 38 na nilijua redio tu. Nikaanza upya kujifunza maneno ya kamera, taa na picha, kutoka kwa vijana niliowazidi umri. Nilinunua daftari la kurasa 96. Kila neno nililiandika kama nilivyolisikia, tahajia baadaye. Pembeni nikaandika nani alilisema, akiwa anafanya nini, na mimi nilitakiwa kufanya nini. Daftari hilo bado ninalo. Yule binti amelichukua tangu wiki iliyopita, ananakili. Amefika herufi M. Akimaliza nimemwambia ampe mwenzake, na anayelishika mwisho aongeze maneno yake mapya kwenye kurasa za nyuma, zimebaki kumi na moja.

Mama yenu,
fundi wa sauti mstaafu, Dar es Salaam