Shukrani kwa mfamasia wa zamu ya jioni

Dada mfamasia, jina hukututajia, lakini asante sana. Ulimweleza mgonjwa wetu jambo ambalo wengi huuziwa sindano bila kuambiwa: semaglutaidi ya kupunguza uzito huanza na miligramu 0.25 mara moja kwa wiki, kwa wiki 4, ndipo ipande hadi 0.5. Anayeruka hatua hutapika zaidi, na akitapika muda mfupi baada ya kumeza setralini, kidonge cha sonona, dawa nayo huweza kutoka. Ukamkataza kurudia kidonge kwa kukisia, aulize kwanza.

Ulikazia zaidi lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, maana mgonjwa wetu naye anaitumia, na hapo ndipo penye hatari. Kutapika na kuharisha hukausha maji mwilini, figo huitoa lithiamu polepole, nayo hupanda kwenye damu hadi kuwa sumu. Mikono ikitetemeka kupita kawaida au mwendo ukiyumba, ni hospitali siku hiyohiyo, kiwango kipimwe.

Dawa ya sonona isiachwe ghafla eti kwa kuwa kilo zinapungua. Na wazo la kujidhuru, ulisema, halisubiri tarehe ya kliniki.

Mungu akubariki, dada.